Nyagah: Mbunge wa Embu aliyedumu bungeni miaka 34

WANASIASA wengi wa Kenya hukumbukwa kwa kelele walizopiga. Marehemu Jeremiah Nyagah anakumbukwa kwa jambo tofauti. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1958, nchi ikiwa ingali chini ya sheria za hali ya hatari, na hakutoka bungeni hadi alipostaafu mwaka wa 1992.

Hiyo ni miaka 34 mfululizo. Katika muda huo alichaguliwa na wapiga kura mara nane, akahudumu chini ya magavana wa mkoloni na marais wawili, na kuongoza wizara chungu nzima. Alipoaga dunia Aprili 2008, wengi wa Wakenya waliomlilia hawakuwa wamezaliwa alipopigiwa kura kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, kudumu kwake hakuwezi kuelezwa kwa umaarufu pekee. Karibu kila mara alipokwenda kuomba kura, sheria za uchaguzi zilikuwa zimebadilishwa: nani apige kura, apige vipi, na ampigie mtu wa chama gani. Kwa mpiga kura wa leo wa Manyatta, Runyenjes au Mbeere, safari ya mzee huyo ni funzo kuhusu jinsi kanuni zinavyoweza kuamua nani awe mbunge kabla hata ya kura ya kwanza kutumbukizwa sandukuni.

Kura za wenye vyeti

Nyagah alizaliwa mwaka wa 1920 katika jamii ya Wambeere, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya kubwa ya Embu. Alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance, akaendelea hadi Chuo cha Makerere nchini Uganda, na baadaye akapata nafasi ya kusomea ualimu zaidi katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu na afisa wa elimu.

Wakati huo, Mwafrika hakuwa na mbunge wa kujichagulia. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliteuliwa na Gavana mwaka wa 1944. Ilimbidi Mwafrika asubiri hadi Machi 1957 ndipo apige kura kwa mara ya kwanza, na viti vilivyotengwa kwa nchi nzima vilikuwa vinane tu.

Hata kura hizo hazikuwa za kila mtu. Ili kuandikishwa, mtu alihitaji kuonyesha kisomo, mapato, mali au utumishi wa muda mrefu serikalini. Aliyetimiza masharti kadhaa kwa pamoja aliweza kupewa hadi kura tatu, ilhali jirani yake asiyesoma hakupewa hata moja.

Mkoa wa Kati, uliojumuisha Embu na Meru, uliongezewa kizingiti kingine. Kwa kuwa vita vya Mau Mau vilikuwa vimepiganwa huko, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa bila hati ya kuthibitisha kwamba alikuwa mwaminifu kwa serikali ya mkoloni. Waliokuwa vizuizini na wale walioshukiwa kula kiapo waliachwa nje.

Matokeo yake yalionekana mara moja. Wameru, ambao wengi wao walipata hati hizo, walikuwa na sehemu kubwa ya wapiga kura wa mkoa mzima. Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, akamshinda Mathu aliyekuwa na jina kubwa zaidi. Hilo lilikuwa somo la kwanza la uchaguzi katika eneo la Mlima Kenya: anayetunga orodha ya wapiga kura huwa ameshapiga kura nyingi kuliko wote.

Waafrika wanane waliochaguliwa, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, walikataa nyadhifa za uwaziri na kudai viti zaidi. Serikali ya Uingereza ikalegeza kamba na kuongeza viti sita. Katika uchaguzi wa Machi 1958 wa kujaza viti hivyo, Nyagah alichaguliwa kuwakilisha Nyeri na Embu.

Kwa hivyo mwalimu huyo alianza siasa zake kwa kura za wachache waliopita katika chujio la mkoloni. Kilichosubiriwa ni kuona kama angechaguliwa tena wakati mlango ungefunguliwa kwa umma.

Mipaka yabadilika

Mapema mwaka wa 1960, Nyagah alikuwa miongoni mwa wajumbe 14 Waafrika waliokwenda London kwa kongamano la kwanza la katiba katika jumba la Lancaster. Huko ndiko ilikokubaliwa kwamba Kenya itakuwa nchi ya utawala wa wengi. Chama cha Kanu kilizinduliwa mwaka huo huo, naye akawa mwanachama wake.

Februari 1961 ulifanyika uchaguzi ulioruhusu watu wengi zaidi kupiga kura. Wakulima ambao hawakuwa na cheti cha shule wala hati ya uaminifu walijitokeza kwa wingi. Nyagah alichaguliwa kuwakilisha Embu, na hivyo akavuka mtihani ambao baadhi ya wanasiasa wa enzi ya kura za masharti hawakuuvuka.

Wakati huo wilaya ya Embu ilikuwa pana. Ilijumuisha nchi ya juu yenye rutuba, ambako ndiko Manyatta iliko, nyanda kavu za Mbeere kuelekea Mto Tana, na hata Kirinyaga. Mwaka wa 1963 mambo yalibadilika. Kirinyaga ilitengwa na kubaki Mkoa wa Kati, huku Embu na Meru zikihamishiwa Mkoa wa Mashariki.

Embu yenyewe iligawanywa katika maeneobunge. Katika uchaguzi wa Mei 1963 uliotangulia uhuru, Nyagah alitetea kiti cha upande wa kusini, yaani nchi ya Wambeere, eneo ambalo baadaye lilijulikana kama Gachoka. Tangu siku hiyo watu wa nchi ya juu, wakiwemo wa Manyatta, walikuwa na wabunge wao wengine, ingawa kwa miaka mingi waliendelea kumtazama Nyagah kama sauti ya wilaya nzima katika Baraza la Mawaziri.

Waziri wa Kilimo kutoka nchi kavu

Rais Jomo Kenyatta alimpa Nyagah uwaziri kamili mwaka wa 1966, akianza na Elimu. Baadaye alipitia wizara za Maliasili na Habari kabla ya kukabidhiwa Kilimo mwaka wa 1970, na huko akakaa karibu muongo mzima.

Katika nchi iliyotegemea kahawa na majani chai, hiyo ilikuwa wizara yenye uzito mkubwa. Julai 1975 baridi kali iliteketeza mikahawa nchini Brazil, na bei ya kahawa ikapanda duniani kwa kiwango ambacho mkulima mdogo wa Kenya hakuwa amewahi kuota. Mwaka wa 1976 na 1977, familia nyingi za miteremko ya Mlima Kenya zilijenga nyumba za mawe, zikanunua magari na kulipa karo za watoto kwa fedha za kahawa.

Lakini hapa ndipo penye fumbo la siasa za Nyagah. Neema hiyo iliwafikia zaidi wakulima wa nchi ya juu kama vile Manyatta na Runyenjes. Wapiga kura wake mwenyewe waliishi katika ardhi kame ya pamba, tumbaku, mtama, mbuzi na nyuki, ambako mkahawa haustawi. Waziri wa Kilimo alitoka mahali ambapo zao kuu la nchi halikuota.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kuhusu umeme. Mabwawa ya Mto Tana yalijengwa moja baada ya jingine kando ya nchi ya Wambeere: Kindaruma lililoanza kazi mwaka wa 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga na hatimaye Kiambere mwaka wa 1988. Taa za Nairobi ziliwaka kwa maji hayo, ilhali kwa muda mrefu vijiji vya karibu viliendelea kutumia koroboi.

Je, kwa nini basi watu hawa hawakumwondoa? Jibu moja linapatikana katika namna mbunge alivyopimwa enzi hizo. Hakukuwa na hazina ya maendeleo ya maeneobunge. Shule, zahanati na mabomba ya maji yalijengwa kwa harambee, na harambee iliyohudhuriwa na waziri ilichanga fedha nyingi kuliko ile ya mbunge wa kawaida, kwani waziri hakuja peke yake. Aliandamana na mawaziri wenzake, wafanyabiashara na wakuu wa mashirika ya umma. Kumwondoa waziri kulimaanisha kuufunga mlango huo, tena bila hakika kwamba mrithi wake angepewa ufunguo.

Fagio la chama kimoja

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba enzi ya chama kimoja haikuwa ya usalama kwa wabunge. Baada ya chama cha KPU cha Oginga Odinga kupigwa marufuku Oktoba 1969, Kanu ilibaki peke yake, na mchujo wake ukawa ndio uchaguzi wenyewe. Mtu aliyeshinda mchujo alikwenda bungeni moja kwa moja.

Kwa kuwa wananchi hawakuweza kuibadilisha serikali, waliwabadilisha wabunge. Mwaka wa 1969 takriban nusu yao walibwagwa, wakiwemo mawaziri watano. Mwaka wa 1974 zaidi ya nusu walipoteza viti, na mwaka wa 1979, uchaguzi wa kwanza baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, fagio lilipita tena. Nyagah alinusurika mara zote tatu.

Mbali na harambee, kuna sababu nyingine mbili zinazoweza kueleza jambo hilo. Ya kwanza ni tabia yake. Hakuhesabiwa miongoni mwa vigogo wa makundi yaliyong'ang'ania urithi wa Ikulu, na nje ya siasa jina lake lilijulikana zaidi katika chama cha maskauti, ambako alikuwa kiongozi kwa miaka mingi. Wahenga husema ngoma ikivuma sana hupasuka. Yake haikuvuma sana.

Sababu ya pili ni hesabu ya makabila. Katika muungano wa Wakikuyu, Waembu na Wameru, uliopewa sura na chama cha Gema tangu 1971 hadi vyama vya kikabila vilipovunjwa mwaka wa 1980, Embu ilikuwa ndugu mdogo. Rais yeyote aliyetaka kuonyesha kwamba hakumsahau ndugu huyo alihitaji mtu wa kumtegemea, asiye tishio kwa mtu yeyote. Kenyatta alimhitaji Nyagah kwa sababu hiyo. Moi, aliyeingia naye bungeni karibu wakati mmoja, akamhifadhi katika wizara kadhaa, zikiwemo za Maji na za Mazingira na Maliasili.

Gharama ya ukimya

Hata hivyo, utulivu huo ulikuwa na bei yake. Juni 1982 Bunge lilipitisha marekebisho ya katiba yaliyoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Mwaka wa 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo, ambapo katika mchujo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, na kuhesabiwa hadharani mbele ya machifu na maafisa wa chama. Aliyetangazwa kuwa na asilimia 70 au zaidi hakuhitaji hata kushindana katika uchaguzi mkuu.

Foleni ndefu ziligeuzwa fupi na fupi zikawa ndefu, kutegemea matakwa ya wakubwa. Hakukuwa na karatasi za kuhesabiwa upya mahakamani. Katika mkoa jirani, Charles Rubia aliyekuwa mkosoaji wa mlolongo alipoteza kiti chake, na mwishoni mwa mwaka huo Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia wizi wa kura katika uchaguzi wa chama.

Nyagah hakujiuzulu. Alirudi bungeni mwaka huo na kuendelea. Wanaomtetea husema kwamba mtu wa jamii ndogo hawezi kugombana na serikali bila kuwaponza watu wake. Wanaomlaumu husema kwamba miaka mingi namna hiyo madarakani ilimpa heshima ya kutosha kusema neno, na kwamba wengine kutoka Embu hiyo hiyo, kama Njeru Kathangu ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Runyenjes, walikubali kwenda gerezani kwa kudai mageuzi.

Pande zote mbili zina hoja. Lililo wazi ni kwamba uchaguzi wa mlolongo haukumpima mbunge yeyote kwa haki. Aliyeshinda hakuweza kuthibitisha kwamba alishinda, na aliyeshindwa hakuweza kuthibitisha kwamba aliibiwa. Ushindi wa 1961 wa Nyagah una uzito ambao ule wa 1988, kwa kosa lisilo lake peke yake, hauwezi kuwa nao.

Desemba 1991 kipengele cha chama kimoja kilifutwa. Mwaka uliofuata, eneo la Mlima Kenya lilipokuwa likiihama Kanu na kujiunga na vyama vya upinzani, Nyagah aliamua kustaafu. Hakungoja kusukumwa.

Jina lake halikutoweka. Mwanawe Joseph alikuwa mbunge wa Gachoka hadi 2007, kisha akawa Waziri wa Ustawi wa Vyama vya Ushirika katika serikali ya muungano kwa upande wa ODM, na mwaka wa 2017 akagombea urais kama mgombea wa kujitegemea. Alifariki Desemba 2020. Mwingine, Norman, alikuwa mbunge wa Kamukunji jijini Nairobi, naye Nahashon akawa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya kuanzia 2001 hadi 2003. Lakini mwaka wa 2007 wapiga kura wa Gachoka walimchagua Kasisi Mutava Musyimi wa PNU. Ukoo mashuhuri haukutosha tena.

Manyatta wasiong'ang'ania mtu

Ukitaka kuona jinsi siasa zilivyobadilika, tazama Manyatta. Eneobunge hilo lilianza kutumika katika uchaguzi wa 1988, mwaka ule ule wa mlolongo. Katika wimbi la Narc la 2002 lilimchagua Njeru Ndwiga, aliyepewa na Rais Mwai Kibaki Wizara ya Ustawi wa Vyama vya Ushirika. Kwa mizani ya enzi ya Nyagah, mtu huyo angekaa miaka 20.

Mambo hayakuwa hivyo. Mwaka wa 2007 kiti kilimwendea Emilio Kathuri. Mwaka wa 2013 kikamwendea John Muchiri Nyaga, aliyekihifadhi 2017. Mwaka wa 2022 kikachukuliwa na Gitonga Mukunji wa UDA. Ndwiga naye alirudi kwa mlango mwingine, akiwa seneta wa kaunti ya Embu kuanzia 2017 hadi 2022.

Sababu mojawapo ya mabadiliko hayo ni Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003 na kutengewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Tangu hapo, mwananchi hakuhitaji tena mbunge aliye waziri ili darasa lijengwe. Fedha zilifika kwa mbunge wa chama tawala na wa upinzani vilevile, na mwananchi akapata kipimo kipya: zimetumikaje?

Mlango uliofungwa

Sababu kubwa zaidi ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 152 kinasema wazi kwamba waziri hawezi kuwa mbunge. Njia aliyopita Nyagah, ya kushika kiti cha bungeni kwa mkono mmoja na wizara kwa mkono mwingine, ilifungwa.

Watu wa Mbeere ndio walioonja maana ya kifungu hicho. Machi 2025 Rais William Ruto alimteua Geoffrey Ruku, mbunge wa Mbeere Kaskazini, kuwa Waziri wa Utumishi wa Umma. Alichukua mahali pa Justin Muturi, ambaye mwenyewe aliwahi kuwakilisha eneo hilo likiitwa Siakago. Ruku alilazimika kuacha kiti, na Novemba 27, 2025 ukafanyika uchaguzi mdogo. Leonard Muriuki, maarufu Wamuthende, wa UDA alimshinda Newton Kariuki, maarufu Karish, wa chama cha DP kwa tofauti isiyofika kura 500.

Kampeni za uchaguzi huo ziliwaleta vigogo wa serikali na wa upinzani hadi vijijini. Kwa muda wa majuma kadhaa, vituo vya kupigia kura vya nyanda kavu vilizungumziwa nchi nzima. Katika miaka 34 ya Nyagah hapakuwa na haja ya hayo, kwa sababu matokeo hayakutiliwa shaka kwa nadra hiyo.

Wapo watakaosema kwamba Embu ilikuwa na nguvu zaidi ilipokuwa na mtu mmoja mezani pa Rais kwa robo karne. Huenda ikawa kweli kuhusu meza hiyo. Lakini mizani ya mpiga kura ni nyingine. Mwaka wa 1958 aliyeamua ni mwenye hati. Mwaka wa 1988 aliyeamua ni mwenye kuhesabu foleni. Mwaka wa 2025 kura zisizofika 500 za watu wasiojulikana majina zilitosha kumpa mtu kiti na kumnyima mwingine.

Mzee Nyagah alikuwa hodari wa kusoma kanuni za kila enzi na kuishi ndani yake. Kazi iliyobaki kwa wapiga kura wa Embu ni kuhakikisha kwamba kanuni zenyewe hazirudi zilikotoka, kwa kuwa mbunge akiwa mbaya huondolewa baada ya miaka mitano, ilhali kanuni mbaya huweza kuchukua miaka 30 kung'olewa.